Mali ya Mjerumani ipo, ila sio hiyo mnayoichimba

Wadau, sijui ni mkoa gani wa Bongo hauna hadithi ya mali ya Mjerumani. Utasikia kuna sanduku chini ya mti uliopandwa na Mjerumani, kuna handaki chini ya boma, kuna babu aliyeachiwa ramani akafa nayo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya jembe na mganga. Siku hizi kuna ditekta, mashine zile zile wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanazotumia kusaka dhahabu. Mavuno yakiisha, mtu anavaa hedifoni, anapita shambani taratibu, mashine ikilia anachimba.

Sasa hebu tujiulize, inalia kwa kitu gani?

Tuanze na hiyo dhahabu, maana sio uongo mtupu. Mwaka 1916, meli za Mwingereza zikiwa zimefunga bahari, serikali ya Mjerumani iliishiwa sarafu. Ikaanza kuzigonga yenyewe Tabora. Ndipo ikatoka ile rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka machimbo ya Sekenke huko Singida. Ziligongwa kama 16,000 hivi, na leo moja inauzwa maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha.

Lakini Tabora hiyo hiyo waligonga pia heller 5 na heller 20 za shaba, tena nyingi sana kuliko za dhahabu. Shaba ya njano ikisuguliwa inang'aa vizuri tu. Kwa hiyo mshkaji akikuletea "dhahabu ya Mjerumani" kijiweni, soma kwanza imeandikwa nini kabla hujauza ng'ombe wa baba.

Ukweli ni kwamba kwenye mashamba yaliyopiganiwa vita, kinachojaa ardhini sio pesa. Chukua Mahiwa, kule Lindi, nchi ya korosho na ufuta. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 jeshi la Mwingereza, lenye Wanijeria wengi, lilikutana hapo na jeshi la Lettow-Vorbeck. Upande wa Mwingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa siku 4, wafu, majeruhi na waliopotea. Ardhi ya namna hiyo ukipita na ditekta itakulilia maganda ya risasi, vipande vya mabomu, vifungo vya makoti, makopo ya chakula. Mtafuta dhahabu akikuta hivyo anasonya, anatupa pembeni. Dogo anayepita nyuma yake anaokota, anapeleka kwa mnunuzi wa skrepa, anapimiwa kwa kilo.

Hapo ndipo tunapopigwa bao, na wala hatujui kama tumefungwa.

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Marekani kuna uwanja wa vita unaitwa Little Bighorn, ambako mwaka 1876 Wahindi Wekundu walimfyeka Luteni Kanali Custer na kikosi chake. Kwa miaka mia moja watu walibishana ilikuwaje. Mwaka 1983 moto ukaunguza majani ya pale, na mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale wakaita watu wenye ditekta, wale wanaofanya kama hobi, wakapanga mstari wakatembea. Kila ganda lilipookotwa liliwekewa alama pale pale lilipokuwa. Kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda, kwa hiyo waliweza kujua bunduki moja ilipigwa hapa, halafu pale, halafu kule. Ndio kusema waliona mtu akikimbia, miaka zaidi ya mia moja baada ya kufa kwake! Ganda hilo hilo lingekuwa mfukoni mwa mtu au kwenye gunia la skrepa, lisingesema kitu. Thamani yake yote ilikuwa ni pale lilipolala.

Mtasema, sawa, lakini vita ile ya wazungu inatuhusu nini? Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Jina Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Wanahistoria wanakadiria kwa upande wa Mwingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, sio kwa risasi. Mjerumani naye alikuwa na wapagazi wake. Hao ni babu zetu, wa Kigogo, Kinyamwezi, Kimakonde, Kikamba, wengine walishikwa kwa nguvu wakiwa shambani.

Makaburi yao yako wapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Pale Dar sanamu ya Askari ipo tangu 1927, kila siku tunaizunguka kwa daladala, lakini jina la mpagazi hata mmoja halipo. Januari 2025 Cape Town ilifungua kumbukumbu yenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliotumika kwenye vita hiyo bila bunduki. Wao karatasi zilipatikana. Sisi kwa wengi wetu karatasi haipo, na kilichobaki cha kuonyesha babu alipita wapi, alilala wapi, ni hilo kopo la nyama na kifungo kilicholala kwenye shamba la ufuta. Ndicho tunachopima kwa kilo.

Na sheria? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayetafuta na kuchimba malikale. Safi. Lakini ilipoandikwa, kitu kilihesabika kuwa malikale kama kilitengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kenya, ambako Taveta na kilima cha Salaita navyo vilipiganiwa, sheria ya 2006 iliweka mpaka wake 1895. Vita ilianza 1914. Kwa hiyo kifungo cha mpagazi kikibaki hapo katikati hakina mwenyewe, mpaka waziri akitangaze kwa jina. Nani atampelekea waziri kifungo?

Sisemi watu wakamatwe. Ukimtisha mkulima, atafukia kitu usiku na hutakiona tena. Uingereza tangu 1997 wana mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na watu wa kawaida wenye ditekta, na hapo vimeandikishwa zaidi ya milioni moja. Sisi tunashindwa nini? Mpaka wa mwaka usogezwe uifunike vita nzima, makumbusho za mikoa zipewe daftari na mtu wa kulishika, na aliyeokota aandikwe jina lake. Hiyo haihitaji mfadhili.

Wakati tunasubiri wakubwa, wewe unayesoma hapa una simu. Ukikuta kitu, kipige picha kabla hujakigusa, hifadhi mahali kwa GPS, muulize mwenye shamba historia yake. Ukikuta mifupa, acha na utoe taarifa. Ukikuta bomu au kitu kinachofanana nalo, usigonge, usipeleke kwa skrepa, ita polisi. Kule Ubelgiji, Machi 2014, bomu la vita hiyo hiyo liliua mafundi wawili wa ujenzi karibu na Ypres, miaka mia baada ya vita kuanza. Chuma hakijui kama amani imesainiwa.

Wenye babu aliyebeba mizigo ya Mwingereza au ya Mjerumani, andikeni hapo chini mlichosimuliwa: kijiji, njia, jina. Tuanzie hapo.

Naomba kuwasilisha.