Moyo Upimwe Ukiwa Kazini

Mtu anayehema akipanda ngazi mara nyingi hupimwa akiwa amelala, mapigo yametulia, kisha huambiwa kuwa moyo wake hauna tatizo. MRI ya moyo, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, ikifanywa wakati wa mazoezi huziba pengo hilo. Lakini yapo madai yanayoipinga na yapo yanayoipamba kupita kiasi. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la 1: Moyo unaokwenda mbio haupigiki picha safi.

Zamani ilikuwa hivyo. MRI ya kawaida huunda picha kwa kukusanya taarifa za mapigo kadhaa, ikiongozwa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), huku mgonjwa amebana pumzi. Anayepiga pedali hawezi kubana pumzi, na damu inayopita ndani ya sumaku huzalisha umeme unaovuruga ECG. Mwaka 2010 kundi la Jens Frahm mjini Göttingen, Ujerumani, lilionyesha kuwa picha moja yaweza kupatikana kwa takriban milisekunde 20. Mwaka 2013 André La Gerche na wenzake mjini Leuven, Ubelgiji, walipiga picha mioyo ya watu walioendesha baiskeli wakiwa wamelala mashineni na kupumua kama kawaida. Walipolinganisha kiasi cha damu kinachosukumwa na vipimo vya mirija iliyoingizwa mwilini, majibu yalikaribiana sana hata kwenye mazoezi makali.

Dai la 2: Sindano ya dawa inatosha badala ya mazoezi.

Dobutamini huharakisha mapigo, na adenosini hupanua mishipa ya moyo. Dawa hizi husaidia sana kutafuta mishipa iliyoziba, hasa kwa asiyeweza kufanya mazoezi. Lakini misuli ya miguu inapofanya kazi hurudisha damu nyingi moyoni, presha hupanda katika mishipa ya mapafu, na upumuaji hubadilika. Dawa haileti mambo hayo yote kwa pamoja kama miguu inavyoyaleta.

Dai la 3: Picha za mapumziko zinaonyesha kila kitu.

Hili ndilo dai linaloumiza watu wengi. Kuna aina ya kushindwa kwa moyo ambayo nguvu ya kusukuma damu huonekana ya kawaida, lakini misuli ni migumu na moyo haujai damu vizuri. Mtu akipumzika, ugonjwa unaweza kujificha. Mwaka 2021 watafiti wa Göttingen walichapisha utafiti wa wagonjwa 75 waliokosa pumzi wakijitahidi. Jinsi chemba ya juu ya kushoto ilivyofanya kazi wakati wa mazoezi, kama ilivyoonekana kwenye MRI, ilisaidia sana kuwatambua wenye ugonjwa huo.

Kwa wanariadha hali ni kinyume. Moyo wa mkimbiaji wa masafa marefu unaweza kutanuka na kuonekana dhaifu akiwa ametulia, mpaka adhaniwe mgonjwa. Moyo wenye afya huongeza nguvu waziwazi mazoezi yanapozidi, ilhali wenye ugonjwa wa misuli huongeza kidogo tu. Mtu anaweza kuachishwa riadha bure, au kuruhusiwa kukimbia akiwa hatarini, kwa sababu tu alipimwa akiwa ametulia.

Dai la 4: Mashine hiyo inachoma kwa mionzi.

Si kweli. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haitumii eksirei. Hatari halisi ni chuma. Sumaku ya Tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia, hivyo vifaa vya mazoezi vya humo hutengenezwa kwa namna ya pekee, na mwenye betri ya moyo lazima aseme kabla ya kuingia.

Dai la 5: Basi vipimo vingine vitupwe.

Hapana. MRI ya mazoezi ni ghali, inapatikana katika vituo vichache, na kupiga pedali umelala huchosha miguu mapema. ECG ya kwenye mashine ya kukimbilia na kipimo cha eko (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti) bado ni nguzo za uchunguzi, na eko nayo hufanyika wakati wa mazoezi.

Kwa hiyo, msomaji, usimwambie daktari tu kwamba unachoka. Mweleze ni kazi gani inakukata pumzi, kisha umuulize: je, moyo wangu unaweza kupimwa nikiwa nafanya mazoezi?