Usiulize wiki ngapi, uliza mwili unaweza nini

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wa vijana walioumia kwenye baiskeli ni fupi: "Daktari, atarudi lini?" Zamani nilikuwa nalijibu haraka. Kijana mmoja wa miaka 15 alivunjika mtulinga kwenye mteremko, nikamwambia mama yake, "Wiki 6, mama." Wiki 6 zilipotimia hawakurudi kliniki, maana jibu nilishawapa. Kijana akapanda baiskeli, akaanguka, mfupa ukavunjika tena palepale. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulisema wiki 6, daktari?" Tangu siku hiyo sitoi tarehe peke yake.

Nalisema hili leo kwa sababu vijana wetu wanatazama mashindano ya baiskeli za milimani kwenye simu, na wanaona mabingwa wakirudi upesi. Tom Pidcock wa Uingereza aligongwa na gari akiwa mazoezini mwishoni mwa Mei 2021, akavunjika mtulinga. Julai 26 mwaka huohuo alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Haikufika miezi 2. Kijana akiona hayo anamwambia baba yake, "Mbona yeye aliweza?"

Jibu ni hili. Pidcock alifanyiwa upasuaji mapema, na kazi yake ni mchezo huo. Upasuaji wa aina hiyo hushikilia mfupa kwa bamba na skrubu, lakini bamba haliungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe, na kwa mtu mzima mtulinga huchukua takriban wiki 6 hadi 12. Watoto mara nyingi huwahi zaidi. Mwanao aliyefungwa kitambaa cha shingoni na kurudishwa nyumbani hawezi kupimwa kwa saa ya bingwa.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Jolanda Neff wa Uswisi. Desemba 2019, akiwa mazoezini huko North Carolina, Marekani, alianguka vibaya. Bandama ilipasuka, ubavu ukavunjika, na pafu moja likasinyaa kwa sehemu. Julai 27, 2021 alishinda dhahabu ya wanawake Tokyo, na Waswisi wenzake wawili wakachukua fedha na shaba. Wengi wanakumbuka kwamba wiki chache kabla ya hapo alikuwa amevunjika mkono, akashinda hivyohivyo. Mimi nakumbuka kwamba kati ya bandama na dhahabu ilipita miezi 19. Alianza kushindana kabla ya hapo, ni kweli, lakini Uviko-19 ndiyo iliyosogeza Olimpiki mwaka mzima. Muda huo hakuuomba, ila aliupata.

Wazazi, bandama naomba muijue. Ipo chini ya mbavu za kushoto na ina damu nyingi. Mtoto akianguka na ncha ya usukani ikamchoma tumboni, ngozi inaweza kubaki bila jeraha huku ndani anavuja damu. Akilalamika tumbo, akapauka, akasikia kizunguzungu, au bega la kushoto likamuuma ingawa halikugongwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa, hata siku kadhaa.

Siku hizi bandama nyingi zilizopasuka hazitolewi. Mgonjwa hulazwa na kufuatiliwa, au mshipa unaovuja huzibwa. Lakini kurudi kwenye miteremko huchukua wiki nyingi, na jeraha likiwa kubwa madaktari wengi hushauri kama miezi 3. Ikibidi itolewe, mambo mawili hayana mjadala. Kwanza ni chanjo za kumkinga na bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Pili, kila homa kwake ni dharura ya siku hiyohiyo. Kwetu kuna malaria, na asiye na bandama anaweza kuugua malaria kali zaidi. Chandarua kila usiku, na kipimo mara tu mwili unapochemka.

Kichwa nacho kina sheria zake. Aliyepata mtikisiko wa ubongo hapandi tena baiskeli siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Apumzike siku 1 au 2, kisha atembee taratibu, arudi shule, ndipo mazoezi yaongezwe hatua kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24. Dalili zikizidi, arudi hatua moja nyuma. Mashindano ni hatua ya mwisho. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege au akawa mgumu kuamka, ni hospitali mara moja. Na kofia ngumu iliyopokea kishindo hicho isivaliwe tena. Hata isipoonekana ufa, imeshamaliza kazi yake.

Basi badala ya kuuliza wiki ngapi, tuulize hivi. Nikibonyeza palipovunjika, panauma? Eksirei inaonyesha mfupa umeunga? Mkono unanyooka na kuzunguka kama mwenzake? Anaweza kupiga pushapu bila maumivu, na kubana breki kwa nguvu? Majibu yakiwa mazuri, aanze barabara tambarare, kisha mlima, kisha mteremko mwepesi. Mbio ziwe mwisho.

Liko swali moja ambalo picha ya eksirei haijibu: anaogopa? Kijana anayesema anaogopa mteremko si mwoga. Anayepanda huku akiogopa hubana breki mahali pasipofaa, na hapo ndipo huanguka. Mpeni muda. Na ninyi wazazi, msimpeleke kwenye mbio kwa sababu ada imeshalipwa.

Msimamo wangu ni kwamba sisi madaktari tuache kutoa tarehe na kwaheri. Tutoe siku ya kurudi kupimwa. Makocha nao wasimpange kijana aliyeumia mpaka aonekane kliniki. Nauli ya kurudi hospitali ni mzigo kwa wengi, naelewa, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kuvunjika mara ya pili.

Yule kijana wangu, safari ya pili tulikwenda naye wiki 14, tukimpima kila alipokuja. Mbio alizokuwa akizisubiri zilimpita. Za mwaka uliofuata alishiriki, akamaliza katikati ya kundi, na mama yake akaja kliniki kunieleza. Safari hiyo alikuja bila mgonjwa.

Tukutane wiki ijayo.