Filamu, Utalii na Vihamba vya Kirua Vunjo
Katika filamu ya “Tanzania: The Royal Tour”, iliyozinduliwa New York na kisha Arusha Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaongoza watazamaji kama mwenyeji anayekaribisha wageni nyumbani. Watalii wa kimataifa waliongezeka kutoka 922,692 mwaka 2021 hadi 1,808,205 mwaka 2023, ingawa kufunguliwa kwa safari baada ya UVIKO-19 nako kulichangia.

Hata hivyo, filamu nyingi za Kilimanjaro huelekeza kamera kileleni. Vihamba vya migomba na kahawa vya Kirua Vunjo, pamoja na mifereji yake ya asili, huonekana kwa nadra. Mgeni hutafuta alichokiona, kisichoonyeshwa hupitwa. Simulizi zijazo zishuke hadi vihambani, ili kipato nacho kiwafikie wakazi wa mteremkoni.