Mti Mkongwe na Barabara Mpya

Barabara ipanuliwapo, mara nyingi hutolewa shauri kwamba mti mkongwe uliomo njiani uhamishwe. Je, shauri hilo lafaa kwa kila mti? Mwaka 2008, nchini Australia, mbuyu wa tani 36 uling'olewa Warmun kupisha kazi za barabara kuu, ukasafirishwa kwa lori kilomita 3,200 hadi Perth, nao ukashika. Mbuyu huweka maji mengi shinani, hivyo hustahimili kukatwa mizizi. Miti mingi haina akiba hiyo. Mizizi yake myembamba ifyonzayo maji huenea kupita kivuli cha matawi. Ikiachwa ardhini, majani huendelea kupoteza maji yasiyorudishwa, na mti hunyauka.

Mwaka 2020, mugumo wa Westlands, Nairobi, mti wenye heshima kwa Wakikuyu, ulipangiwa kuhamishwa kupisha barabara ya juu. Wananchi walipinga, serikali ikaamua ubaki, na barabara ikafunguliwa mwaka 2022. Kwa maoni yetu, uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ulichelewa. Mizizi na ipimwe kabla ramani haijachorwa, maana wakati huo kupindisha njia ni kazi ya kalamu tu.