Masheikh na maaskofu waachwe waseme

Sikubaliani na mnaosema viongozi wa dini wabaki na ibada tu. Mwaka 2008 mabaraza ya Waislamu na Wakristo nchini Tanzania, BAKWATA, CCT na TEC, walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu na kodi. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Hawakuwa peke yao, lakini walisikika. Kwa nini kwenye taka wanyamaze?

Wananchi nao wamewahi kusimama. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa moshi na uvundo wa dampo, wakashinda mwaka 1988. Taka za jiji, zetu za Kariakoo na Mchafukoge zikiwemo, zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wa huko nao wakashtaki, wakashinda 1991. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaja kumpa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kudai mahakamani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, nikashangilia. Ila pita sokoni leo: bamia, dagaa, nyanya, vyote vinatiwa kwenye vifungashio vyembamba visivyo na mshikio. Masika yakianza vifungashio hivyo vinaziba mitaro, maji yanaingia madukani. Hapo ndipo nawaomba masheikh, maaskofu na vyama vya kiraia wasimame: waende kwenye kamati ya Bunge, mwanya huo wa vifungashio uzibwe, na mbadala wa bei nafuu upatikane kwanza, maana mama muuza dagaa faida yake ni ndogo mno.