Baridi tunayo, ukavu hatuna: Je, Rungwe inaweza kutoa divai nyekundu?

Mwaka 2018, kwenye mnada mmoja jijini New York, chupa moja ya divai nyekundu ya mwaka 1945 iliuzwa kwa dola 558,000 za Marekani. Kwa fedha zetu za wakati huo ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Divai hiyo, Romanée-Conti, ilitoka Bourgogne, eneo la Ufaransa linalojulikana kwa baridi yake.

Mkulima wa Lupepo akisikia habari kama hiyo ana haki ya kuuliza: mbona baridi hata sisi tunayo? Kwa nini tusilime zabibu? Swali lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa bei ya majani mabichi ya chai haiwaridhishi wakulima wengi, na wapo waliokwisha kung'oa chai wakapanda parachichi. Kabla hujang'oa kitu, ni vizuri kujua baridi inafanya nini hasa kwenye zabibu.

Baridi inafanya nini?

Zabibu ikiwa changa huwa chachu na yenye ukakasi, ule ule unaousikia ulimini ukila ndizi mbichi. Jua linapoiivisha, sukari inaongezeka na uchachu unapungua. Baadaye hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Wanaotengeneza kimpumu wanaijua kazi hiyo ya hamira, ingawa wao sukari yao inatoka kwenye kimea.

Mahali penye joto kali mambo hayo huenda haraka. Sukari inapanda upesi na uchachu unapotea upesi. Divai inayotoka hapo huwa nzito, nyeusi kidogo, na kilevi chake mara nyingi hufika asilimia 14 au zaidi.

Mahali pa baridi zabibu huiva polepole. Usiku wa baridi huuhifadhi uchachu, na harufu hupata muda wa kujengeka kabla sukari haijazidi. Divai yake huwa nyepesi na rangi yake hupenya mwanga. Kilevi chake kwa kawaida ni asilimia 12 hadi 13 hivi. Ukiinywa, mate yanakujaa mdomoni, kama mtu aliyekula tunda lenye uchachu wa kupendeza. Ndiyo maana inakwenda vizuri na chakula: haikinaishi, na haifuniki ladha ya nyama au samaki.

Mfano mzuri ni zabibu iitwayo Syrah, ambayo nchi nyingine huiita Shiraz. Ikilimwa penye ubaridi, divai yake hutoa harufu ya pilipili manga. Hakuna aliyetia pilipili humo. Watafiti wa Australia waligundua kuwa ndani ya ganda la zabibu hiyo kuna kemikali ileile inayoipa pilipili manga harufu yake, na kwamba huwa nyingi zaidi zabibu ikiiva kwenye ubaridi.

Kwa nini inazungumzwa sana sasa?

Sababu kubwa ni kuongezeka kwa joto duniani. Mji wa Beaune, huko huko Bourgogne, una kumbukumbu za tarehe za kuvuna zabibu tangu mwaka 1354. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa tangu mwaka 1988 zabibu huvunwa takribani siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa karne zilizotangulia. Yaani hata penye baridi, baridi inapungua.

Kwa hiyo watengenezaji wa divai wanapanda milimani na kusogea kwenye nchi ambazo zamani zilionekana baridi mno. Uingereza ya leo ina mashamba ya mizabibu ambayo babu zao wangeyacheka. Ndipo nyanda za juu za Afrika Mashariki nazo zinapoingia kwenye mazungumzo.

Hapa kwetu zabibu zinalimwa wapi?

Kitovu cha zabibu Tanzania ni Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki walizipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na leo zinalimwa Hombolo, Makutupora, Chamwino na kwingineko. Dodoma ina joto na ukame, mvua yake ni takribani milimita 600 tu kwa mwaka. Mkulima wa huko huvuna mara mbili, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Yeye mwenyewe huulaza kwa kuupogoa, kisha unachipua upya.

Ukitaka kuona zabibu nyekundu za penye ubaridi, nenda Naivasha nchini Kenya. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mji wa Tukuyu. Huko kuna shamba linalotoa divai iitwayo Leleshwa, na Shiraz ni mojawapo ya zabibu zake. Kwa hiyo yule anayesema kwamba zabibu haziwezi kustawi kwenye ubaridi wa Afrika Mashariki amekosea.

Basi Rungwe tunashindwa wapi?

Tunashindwa kwenye mvua. Naivasha iko kwenye Bonde la Ufa, na mvua yake haifiki milimita 800 kwa mwaka. Bourgogne nayo haipishani sana na hapo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Na hata mvua ikikatika, ukungu wa mlima Rungwe huja kukaa juu ya majani hadi jua liwe limepanda.

Mzabibu ukikaa kwenye hewa yenye unyevu hushikwa na magonjwa ya ukungu. Yako mawili yanayoogopwa zaidi. Ubwiri unga huacha kitu kama unga mweupe juu ya majani na matunda. Ubwiri vinyoya huanza na madoa ya njano juu ya jani na utando mweupe chini yake. Mvua ikinyesha zabibu zikiwa zimekaribia kuiva, maganda hupasuka na kishada kizima kinaoza. Pinot Noir, zabibu iliyoipa Bourgogne jina, ina ganda jembamba na vishada vilivyobanana. Ni ya kwanza kuoza.

Jambo la pili ni mapumziko. Mzabibu unahitaji kulala. Ulaya hulazwa na majira ya baridi, Dodoma hulazwa na kiangazi na mkasi wa mkulima. Hapa kwetu ardhi haikauki kwa muda wa kutosha, hivyo mti huendelea kutoa majani na matawi bila kupumzika, na mkulima anaambulia kivuli kizuri na matunda machache.

Yupo atakayesema: tutafunika kwa nailoni na kupiga dawa. Inawezekana. Lakini piga hesabu kwanza. Nguzo, nyaya, nailoni na dawa zote zina gharama, wakati mzabibu wenyewe huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Halafu utauza wapi? Wakulima wa Dodoma, wenye miaka mingi kwenye kazi hii na viwanda jirani, zaidi ya mara moja wamebaki na zabibu zikiwaozea kwa kukosa mnunuzi. Na zabibu haisubiri. Haiwekwi ghalani kama mahindi.

Kwa hiyo ushauri ni upi?

Kama unapenda, panda miche michache karibu na nyumba, mahali penye jua na upepo, ujifunze. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma, ndicho chenye utaalamu wa zao hili. Lakini using'oe chai, ndizi wala parachichi kwa ajili ya zabibu za kutengeneza divai. Baridi peke yake haitoshi.

Hata hivyo, kuna somo moja kwenye divai hii ambalo Rungwe inaweza kulichukua bila kupanda hata mzabibu mmoja.

Faida ya ubaridi ni kuchelewa. Zabibu inayochelewa kuiva hupata harufu, na jani la chai linalochipua polepole kwenye ubaridi hupata harufu pia. Wajerumani walipanda chai Kyimbila mwanzoni mwa karne ya 20, na mvua ileile inayouozesha mzabibu ndiyo inayoulisha mchai. Kile ambacho Mfaransa anakipata kwenye zabibu, sisi tunakipata kwenye jani.

Tofauti iko kwenye jina. Divai ya Bourgogne huuzwa kwa jina la kijiji chake: Volnay, Pommard, na vingine vingi. Mnunuzi analipia kijiji, wakati mwingine hata kipande cha shamba. Chai yetu nyingi huondoka kwenye magunia, ikachanganywa na ya nchi nyingine, na anayeinywa London hajui kama kuna mahali panaitwa Katumba au Mwakaleli. Jani likishapoteza jina, bei yake inapangwa na wengine.

Jina nalo halishuki tu kutoka mbinguni. Wafaransa walilijenga kwa kuchuma kwa uangalifu, kwa kutochanganya mazao ya kijiji hiki na kile, na kwa sheria zinazomzuia mtu wa mbali kulitumia jina lao. Kwa mkulima wa chai, kazi hiyo inaanza na majani mawili na chipukizi, kuyafikisha kiwandani kabla hayajachemka kwenye gunia, na vyama vyetu kuuliza swali hili kwenye mkutano mkuu: chai yetu inauzwa kwa jina gani?

Swali hilo litamfaa mkulima wa Lupepo kuliko mche wa zabibu.