Tulirudishe Baraza Kazini

Ndugu zangu wafanyakazi, nanyi wakuu wetu mnaoshika funguo za vyumba: chai ya saa nne mnainywea wapi?

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, tuliinywea mezani, makombo ya maandazi yakidondokea mafaili. Chumba cha mapumziko kilikuwapo, ila kiligeuzwa stoo: viti vilivyovunjika miguu, printa mbovu, maboksi. Jambo dogo la kuulizana kwa mdomo tuliandikiana barua pepe, tena kwa ukali ambao ana kwa ana tusingethubutu. Jioni kila mtu alirudi kwake na kinyongo asichojua kilianzia wapi.

Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walijenga benchi la mawe nje ya nyumba, baraza, mgeni akae, jirani apumzike, habari zipite. Neno hilohilo leo tunalitumia kwa kikao cha mawaziri.

Wapo wanaodhani dawa ya ukimya wa ofisini ni kubomoa kuta. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha walichokiona katika kampuni mbili zilizowahamishia watu wao kwenye kumbi wazi: mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa takriban asilimia 70. Mimi sishangai. Anayetazamwa kutwa nzima hutafuta pa kujificha, hata kama ni nyuma ya vipokea sauti vya masikioni. Mtu anataka pa kujitenga afikiri, kisha pa kutokea akutane na wenzake.

Macho nayo yanataka pa kutua. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984, huko Pennsylvania, kwamba wagonjwa waliopasuliwa nyongo na kulazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Kama mti ulimfaa aliyetoka kushonwa, utakosaje kumfaa mhasibu anayefunga hesabu za mwezi?

Basi Ijumaa hii, kama chumba chenu nacho kimekuwa stoo, tuitoe ile printa mbovu. Au tuweke mabenchi mawili chini ya mwarobaini pale kwenye maegesho, birika, vikombe, na zamu ya kuviosha (isiwaangukie akina mama peke yao). Matangazo ya nidhamu yabandikwe kwingine. Nawe mkuu, njoo, ila daftari liache ofisini. Chukua kikombe kama wengine, kisha sogea kidogo, dereva naye apate pa kukaa.